Uzi Tuliomfungia Mama wa Watu

Khon Kaen,
Jumapili, tarehe 16 Machi.

Kwa dada yangu Bualai,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa kwenye kitanda chako cha kufumia, goti limepungua kuvimba, na shemeji ameacha kulifunga majani ya kila mganga anayepita njiani. Watoto hawajambo? Viwavi wako wa hariri wameshaanza kujifunga, au bado wanakula tu majani kama wageni wa harusi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za joto na za mbwa wa jirani, nikakata kabla sijasema nililotaka kusema. Karatasi haiwezi kunikatiza, nami nitajilazimisha nifike mwisho.

Dada, nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu yule mchuuzi alipokuuzia rangi ya uongo ukaharibikiwa na hariri ya miezi miwili. Nimedhalilishwa kazini mchana kweupe, na walionidhalilisha ni wawili, mmoja mtoto na mmoja mzee. Nianze na mtoto.

Anaitwa Pim. Ni mtafiti, ana miaka ishirini na tisa, na alitujia kutoka Bangkok mwaka jana na viatu vyake vyeupe. Samaki wetu wa kuvundika hali. Akiona mtungi unafunguliwa anakumbuka ghafla kwamba ana kazi chumba kingine. Kuamkia anaamkia vizuri, sitamsingizia, viganja vimekutana hadi puani, Shangazi Thongsi hujambo, Shangazi Thongsi umekula. Kazi yake ni kutazama jinsi seli zinavyojipanga na kugawanyika, na alikuja kwenye maabara yetu kwa sababu ya seli za Mama.

Mambo haya unayajua, lakini acha niyapange upya, maana wewe una haki nayo kuliko mtu yeyote. Mama alipougua ini, kwa ajili ya yule yule samaki mbichi wa kukatwakatwa na ndimu ambaye madaktari walimkataza naye akawacheka, walimfungua wakakata kipande cha uvimbe. Wakakuuliza wewe, mkubwa wetu, kama maabara inaweza kukikuza. Ukatia sahihi. Uliniambia pale kwenye benchi la hospitali kwamba kama kuna sehemu ya Mama inayotaka kubaki, nani wa kuikataza? Mama alifariki wiki tano baadaye, katikati ya mvua. Kipande kile kikaishi. Kikaitwa KS3, kwa jina lake Khamsai, nami nikakabidhiwa kukilisha. Kila Songkran, mwaka wetu unapoanza kwa kumwagiana maji, unakuja mjini na maji yako ya maua, unafunga uzi mweupe kwenye mpini wa kabati la joto, unaiita roho ya Mama itulie mahali pake, kisha unarudi kijijini kuwaambia watu kwamba Mama bado anagawanyika. Umefanya hivyo mara kumi na nne.

Pim alinieleza anachotafuta, nami nilikipenda, kwa hiyo nakueleza kwa lugha ya kitanda chako. Seli ikitaka kugawanyika huongeza mara mbili nyuzi zake zote zenye urithi, ikajiviringa, ikaachia sakafu. Halafu vinasimama vigingi viwili, kimoja kila upande, na kila kigingi kinarusha kamba. Kamba zinazikamata zile nyuzi moja moja na kuzilaza katikati kwa mstari. Seli inangoja. Haivuti mpaka ihakikishe hakuna uzi uliobaki ukining'inia, kama wewe unavyopitisha kidole kwenye mtande kabla ya kurusha mshindio. Ndipo kamba zinavuta, nusu huku, nusu kule. Seli za saratani mara nyingi zina vigingi vitatu au vinne, na kwa haki zingejipasua zenyewe zikafa. Lakini zina ujanja. Vigingi vya ziada zinavikusanya na kuvibana pamoja mpaka vionekane viwili tu. Pim anataka kujua ni kitu gani kinachovibana, ili kikatwe, na ugonjwa ujiue wenyewe. Nilimwambia ni wazo zuri. Nilimwandalia chupa bora kuliko za watu wengine, dada, nikakaa naye kutazama picha zake, na seli zile zikijiviringa nilikuwa nasema, tazama, Mama anajikusanya.

Kumbe kuna kitu kilikuwa kinamkera. Aliona seli zinagawanyika haraka mno kwa seli za njia ya nyongo, mahali uvimbe wa Mama ulipoanzia. Isitoshe, siku hizi majarida ya sayansi hayapokei makala mpaka uthibitishe kwa kipimo cha vinasaba kwamba seli ni za mtu unayesema ni zake. Basi akachukua tone, akalituma Bangkok. Hakuniambia neno. Mimi ninayezijua seli zile kwa rangi ya chakula chao tu, mtoto ananipita mlangoni na tone la mama yangu mfukoni!

Jumatatu, kwenye kikao, mbele ya wanafunzi wote na mama anayefagia, akaweka majibu ukutani. Akasema seli hizi si KS3. Ni za mwanamke mmoja wa Marekani aliyefariki zaidi ya miaka sabini iliyopita, ambaye seli zake zimeenea maabara za dunia nzima, na ziko hata kwetu, kwenye rafu ya chini ya kabati lile lile unalolifunga uzi. Akasema zinajulikana kwa kuvamia, kwamba tone moja likiingia kwenye chupa ya wengine, baada ya miezi wenyeji wamekwisha. Akasema hakuna hata seli moja ya Mama iliyobaki humo.

Nilisimama. Nilimwambia wakati mimi nalisha seli hizi yeye alikuwa bado anapakwa poda na mama yake kwenda shule, na kama macho yamechoka na hadubini aende akalale, asituletee ndoto zake kikaoni. Wanafunzi wakacheka. Nikamwambia tena kwamba mtu asiyeweza kula samaki wetu atawajuaje watu wetu. Wakacheka zaidi, na yeye akawa mwekundu hadi masikioni. Lakini hakukaa. Alisema, "Shangazi, nisamehe sana. Si mimi niliyesema, ni kipimo, na nimekirudia mara mbili." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna kichupa chochote kilichogandishwa katika miezi ile ya kwanza kabisa. Nikamwambia hakuna. Hakuna hata kimoja, na kama ananiona mwongo apande mwenyewe kwenye tanki la nitrojeni tunamogandishia seli akapekue.

Sasa mzee. Profesa Sutin unamjua, ndiye aliyekushika mkono siku ya mazishi. Jina lake lote limejengwa juu ya KS3. Makala kumi na moja, na picha ya Mama kwenye korido ndani ya fremu ya dhahabu, amevaa ile sketi uliyomfumia. Nilidhani atapiga meza. Hakupiga. Aliwaomba wote waache karatasi pale pale na wasiseme nje, kisha akaniita ofisini akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Profesa akikumiminia chai, jua kuna jambo anataka ulimeze.

Akasema anastaafu Septemba, mambo haya yatarekebishwa taratibu na watakaokuja. Akasema Pim atapewa seli nyingine aendelee na vigingi vyake. Halafu akasema, dada, nakunukulia ili nawe uungue kama nilivyoungua: "Dada yako aje tu Songkran kama kawaida. Afunge uzi wake, amwage maji yake, tumpige picha. Kuna ubaya gani, Thongsi? Ni bibi wa kijijini, habari za vinasaba utaanzia wapi kumweleza?"

Bibi wa kijijini! Mtu anayeona uzi mmoja uliokosea kati ya elfu mbili akiwa amesimama mlangoni! Wewe uliyetia sahihi ile karatasi baada ya kuisoma mara tatu, ukamwuliza daktari maswali mpaka akavua miwani! Huyu bwana anataka usafiri saa tatu ndani ya basi, na goti hilo, uje ufunge uzi kwenye kabati la mama wa watu, uiite roho ya Mama mahali ambapo haipo, naye asimame kando yako anatabasamu huku anajua. Na picha apige. Nilitaka kummwagia ile chai kwenye makala zake zote kumi na moja. Unajua nilifanya nini? Nilikutanisha viganja nikasema ndiyo, Profesa, asante kwa chai. Nikatoka. Hilo nalo linanichoma.

Tangu siku ile sina raha. Sufuria zangu zote zina mabonde, na mume wangu amehamishia kikapu chake cha wali wa kunata uani, anakula huko huko na kuku. Nilimkasirikia Pim, nilimkasirikia Profesa, nikamkasirikia hata yule marehemu wa Marekani. Jumatano nilifungua kabati nikaitazama chupa yake, nikaiita mvamizi, mla nyumba za watu. Pim alikuwa nyuma yangu, sikumwona. Hakunicheka. Aliniambia tu kwamba mwanamke yule hakuulizwa. Walimchukulia seli akiwa amelala mezani, na wanawe walikuja kujua miaka mingi baadaye kwamba mama yao anauzwa kwenye vichupa. Hakukuwa na benchi wala karatasi wala binti mkubwa wa kutia sahihi. Nilifunga kabati.

Dada, sasa kama kuna mtu karibu nawe mwambie akupishe. Hapa ndipo nilipokuwa nakatia simu.

Unakumbuka siku ya mia tangu Mama afariki. Ilikuwa Jumamosi, na ulitaka niwe kijijini Ijumaa jioni tuwapikie watawa pamoja. Uliniambia nikichelewa utamwambia Mama kwenye picha. Ijumaa ile nilikuwa na seli za kulisha na basi la saa kumi. Kwetu kuna sheria moja ambayo mwanafunzi hufundishwa kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo: kila seli na chupa yake ya chakula, na zile za Marekani hulishwa mwisho kabisa, zikiwa peke yake. Mimi ndiye ninayewafundisha. Ijumaa ile nilianza nazo, maana zilikuwa mbele ya rafu. Nilipofika kwa Mama, chupa ya chakula chake ilikuwa tupu. Kutengeneza nyingine ni saa nzima. Saa yangu ilisema saa tisa na dakika ishirini. Nikachukua chupa ile ile niliyotoka kuzilishia zile za Marekani, nikamlisha Mama, nikaosha mikono, nikakimbia. Niliwahi basi. Nilikuta unamenya vitunguu saumu, ukaniambia leo umekuwa mtu.

Ungeweza kusema lilikuwa kosa la haraka, la mtu mwenye msiba. Ngoja. Kuna zaidi.

Seli za Mama zilikuwa za pole. Zilijaza chupa kwa siku tisa, bapa, zimeshikana, hazina papara, kama Mama mwenyewe alivyokuwa akipanda mpunga. Ilipofika Februari zilikuwa zinajaza kwa siku tatu, na kati yao kulikuwa na nyingine, za kung'aa, za haraka. Niliziona, dada. Hakuna mlisha seli wa dunia hii ambaye asingezijua. Ningeweza kumwaga chupa ile siku hiyo hiyo na kuanza upya kwa vichupa vya awali, maana vilikuwepo vitano kwenye tanki. Badala yake niliandika kwenye daftari kwamba zinakwenda vizuri. Nikakupigia simu nikakwambia Mama amepata nguvu. Ulilia kwa furaha ukawapelekea watawa chakula. Baada ya hapo ningekwambia nini? Kwamba mimi mwenyewe, ili niwahi kumwombea Mama, nimemuua mara ya pili? Kila wiki nilizitazama zile za pole zikipungua, nikaendelea kuzilisha zote. Ilipofika Juni hakukuwa na hata moja ya kwetu. Tangu hapo nimekuwa nikimlisha mama wa watu na kumwita Mama, nikikuangalia ukifunga uzi.

Kwa hiyo hasira yangu yote hiyo unayoisoma hapo juu, ipime tena. Kosa la Profesa lina siku sita. Langu lina miaka kumi na minne. Yeye anataka kukudanganya mara moja kwa ajili ya picha. Mimi nimekushikia bakuli la maji ya maua mara kumi na nne. Na yule mtoto niliyemfanya achekwe na watu kosa lake ni kuona kwa mwaka mmoja nilichokificha tangu yeye yuko shule.

Na nilidanganya tena kikaoni. Kichupa kipo. Vile vingine vinne vilikwenda kimoja kimoja kwa watafiti, na kila kimoja kilikufa mikononi mwao, maana havikupenda kuamshwa kutoka barafuni. Kimebaki kimoja, chini kabisa ya tanki, kimeandikwa kwa mkono wangu, wiki mbili kabla ya siku ya mia. Humo hamna mtu mwingine. Ni Mama peke yake. Watu kazini wananisifu kwamba kwa miaka yote hii sijawahi kukosa kujaza nitrojeni, hata sikukuu, hata siku niliyokuwa na homa. Wanadhani ni bidii.

Kinaweza kuamshwa mara moja tu. Kikiamka, Pim ataona vigingi vya Mama kweli, na sahihi yako itakuwa imefanya kazi uliyoitilia. Kikifa, basi, tutakuwa tumemzika wote. Kikiachwa, kitabaki hivyo hivyo mpaka siku mtu mwingine asahau kujaza. Sijamwambia Pim wala Profesa. Sikuwa na haki ya kuamua mwaka ule, na sasa sina. Uliyetia sahihi ni wewe. Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya, kisha nitasimama kikaoni, mbele ya wanafunzi wale wale waliocheka, niseme chupa ile niliitumia mimi. Profesa atafute picha nyingine ya kupiga.

Njoo Songkran. Lete uzi wa watu wawili, maana yule mwanamke amekaa nyumbani kwetu miaka yote hii na hakuna aliyewahi kumwita kwa ajili yake mwenyewe.

Na jambo moja nakuomba. Kila mwaka nikikumwagia maji mikononi nasema yale maneno ya siku zote, unisamehe niliyokukosea, kwa kujua na kwa kutojua, nawe kabla maji hayajakauka unasema nimekusamehe, uishi miaka mingi, tukale. Umenisamehe mara kumi na nne na hujawahi kuuliza ni nini. Mwaka huu, dada, uliza. Niache niseme mpaka mwisho, na usiseme nimekusamehe kama hutaki.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, na mwambie binti yako mdogo nimempatia ule uzi wa zambarau aliouagiza. Mume wangu anawasalimu kutoka uani. Goti lako lipumzishe, usilibebeshe maji. Heri ikae nyumbani kwako, hata kama utaifunga barua hii kwa hasira.

Ni mimi mdogo wako, mwana wa Khamsai,

Thongsi